Kuchekesha Si Kuchekelea



Jioni ya burudani ya kufunga mwaka wa masomo inakaribia, na maneno yameanza tena: teatre iwe au isiwe? Kati ya waalimu wetu kuko wanaoomba programu ibaki na kwaya, mashairi na ngoma tu, na vichekesho vifutwe. Sababu yao tunaijua sote. Vichekesho vingi siku hizi vinasimama juu ya mguu mmoja tu: mtu anapanda jukwaani, anaongea Kiswahili kwa ulimi wa kabila lingine, anachanganya r na l, na ukumbi wote unaanguka kwa kicheko. Ni vile tu. Hakuna hadithi, hakuna mwisho. Kesho yake asubuhi, kwenye mstari mbele ya darasa, mwenzetu mmoja anaitwa kwa jina lililotoka jukwaani. Jina hilo litamfuata mwaka mzima.

Wanafunzi wengi nao wanajibu: "Ni mchezo tu! Mutuache tucheke, masikitiko tuko nayo ya kutosha."

Sisi wa gazeti hili tunasema hivi: kichekesho kibaki, lakini kiwe kichekesho kweli. Kuchekesha ni kazi moja, kuchekelea ni kazi nyingine. Ili tusiongee hewani, tumechagua kueleza habari za mzee mmoja wa Kenya ambaye maisha yake yanajibu swali letu vizuri kupita maneno yetu.

MZEE OJWANG NI NANI?

Wazazi wetu wengi waliowahi kufika Kampala au Nairobi wanalijua jina hilo. Mzee Ojwang alikuwa mchekeshaji wa televisheni ya taifa ya Kenya, ile iliyoitwa zamani Voice of Kenya, na tangu mwaka 1989 KBC. Alionekana katika Vitimbi, katika Darubini, na pia katika Vioja Mahakamani. Michezo hiyo ilikuwa ya Kiswahili. Watu walikusanyika kwa jirani mwenye televisheni, wakubwa kwa watoto, kumwangalia mzee mwenye koti na kofia, mwenye maneno mengi na ujanja usiofika mbali. Pembeni yake alikuwako Mama Kayai, mke wake katika mchezo, ambaye jina lake la kweli ni Mary Khavere. Watazamaji wengi waliamini kabisa kwamba wale wawili ni mume na mke hata nyumbani. Hawakuwa. Waliigiza vizuri tu.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Jina Ojwang ni la Kijaluo. Mzee yule aliongea Kiswahili chenye ulimi wa Kijaluo, akawa baba wa nyumba ya Kijaluo. Lakini mtu aliyekuwa ndani ya koti lile aliitwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu.

Kwa mtu asiyejua Kenya, neno hili linaweza kupita kama upepo. Kwa anayejua, ni neno kubwa. Wakikuyu na Wajaluo ni jamii mbili kubwa, na siasa imewagombanisha kwa muda mrefu. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga, Mjaluo aliyekuwa makamu wa Rais Jomo Kenyatta, Mkikuyu, alijiuzulu na kuanzisha chama chake. Mwaka 1969 waziri Tom Mboya, Mjaluo, alipigwa risasi katikati ya Nairobi, na uchungu ule haukwisha upesi. Kisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, makabila mbalimbali ya nchi ile yalishikiana mapanga na mishale. Tume ya uchunguzi ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na malaki walikimbia nyumba zao.

Katika nchi ya namna hiyo, Mkikuyu mmoja alivaa jina la Mjaluo kwa miaka mingi mbele ya macho ya taifa, na pande zote zilimpenda. Wengi hata walimhesabu kuwa Mjaluo wa kuzaliwa, wakashangaa sana waliposikia jina lake la kweli. Alipofariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Wakenya wa kila kabila walimlilia.

Hatusemi kwamba Mzee Ojwang alizuia vita. Hakuvizuia. Kichekesho hakina nguvu hiyo, na anayesema kinayo anadanganya. Tunauliza tu swali moja: ginsi gani mtu anaweza kuigiza kabila la mwenzake miaka yote ile, na mwenye kabila asione haya, bali afurahi na kusema "huyu ni wetu"?

KICHEKO KILITOKA WAPI?

Tumejadiliana sana juu ya swali hilo, na tumeona majibu matatu.

La kwanza: Ojwang alikuwa mtu mzima. Alikuwa na mke, na nyumba, na majirani, na deni, na kiburi, na hofu. Hakuwa ulimi unaotembea. Mchekeshaji mbaya anachukua kitu kimoja cha mtu, sauti yake au pua yake, anatupa mengine yote. Mchekeshaji mzuri anamchukua mtu pamoja na nyumba yake.

La pili: watu walicheka makosa yake, na makosa yale yalikuwa ya kila baba. Ubahili, uongo mdogo wa kukwepa aibu, kutaka kuonekana mkubwa mbele ya wageni, kumdanganya mke halafu kukamatwa. Ni kabila gani lisilo na baba wa namna hiyo? Mkikuyu alipocheka, alimcheka baba yake mwenyewe. Mluhya vilevile, Mkamba vilevile. Ulimi ulikuwa nguo ya mchezo, lakini mwili wa mchezo ulikuwa tabia.

La tatu: alifanya kazi. Mtu mmoja, jina moja, miaka na miaka. Kumjua mtu mwingine namna hiyo kunadai kumsikiliza kwa muda mrefu, na ni vigumu kumsikiliza mtu muda mrefu hivyo bila kuanza kumpenda. Sisi tunataka kumaliza kabila zima kwa dakika tano, bila mazoezi.

KICHEKO CHA NAMNA NYINGINE

Kuko mwanafunzi aliyetupinga tulipokuwa tunaandika karatasi hii. Alisema: "Basi ata Ojwang aliigiza ulimi wa kabila. Mbona yeye mnamsifu, sisi mnatukataza?" Swali ni zuri. Tumjibu kwa mfano wa mbali, kisha wa karibu.

Kule Marekani, kuanzia miaka ya 1880 mpaka karibu mwaka 1930, watu walipenda maonyesho yaliyoitwa vaudeville. Yalifanana na jioni yetu ya burudani, ila yalikuwa ya kulipia na ya kila siku: mwimbaji anatoka, anaingia mcheza dansi, kisha mtu wa sarakasi, kisha mfanya mazingaombwe, kisha mchekeshaji. Wachekeshaji wengi wa jukwaa lile waliishi kwa kuigiza ndimi za wageni: Mjerumani asiyejua Kiingereza, Muirlandi mlevi, Myahudi mfanyabiashara. Na zaidi ya wote, wazungu walijipaka weusi usoni kwa kizibo cha chupa kilichochomwa, wakaigiza Mtu mweusi kuwa mvivu na mjinga.

Kati ya wachekeshaji wa wakati ule alikuwako Bert Williams, aliyezaliwa Nassau, visiwa vya Bahamas, mwaka 1874. Yeye alikuwa mweusi kweli. Alikuwa na kipaji cha ajabu. Pamoja na mwenzake George Walker alicheza New York na London mwaka 1903, na tangu 1910 aliingia katika maonyesho makubwa ya Ziegfeld, karibu peke yake mweusi kati ya wazungu. Na bado, ndugu, Mtu mweusi huyo alipaswa kujipaka kizibo kilichochomwa usoni kabla ya kupanda jukwaani, juu watazamaji walikuwa wamezoea kumcheka mweusi wa kupakwa. Sura aliyopewa na Mungu haikutosha. Alifariki mwaka 1922, akiwa mashuhuri, lakini hoteli na mikahawa iliendelea kumfungia mlango sababu ya ngozi yake.

Hiyo njo tofauti. Kicheko cha Ojwang kiliongeza mtu mmoja katika nyumba ya kila Mkenya. Kicheko cha rangi usoni kiliwafundisha watu wasimwone mtu aliye mbele yao, hata anapokuwa msanii mkubwa kuliko wote ukumbini.

Sasa mfano wa karibu. Mwezi wa Julai 1993, ng'ambo ya mpaka wetu, kule Rwanda, ilifunguliwa redio iliyoitwa RTLM. Vijana waliipenda upesi. Haikuanza kwa kusema ueni. Ilianza na muziki mzuri, na watangazaji wachangamfu wenye utani, waliojua kuchekesha watu wa barabarani kwa lugha ya barabarani. Ndani ya utani ule waliingiza dharau: watu fulani ni mende. Kicheko kilizoesha masikio. Mwaka 1994, wakati wa kuua ulipofika, redio ileile ilitaja majina na mahali pa kuwatafuta watu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake.

Hatuandiki haya ili kunyoosha kidole kwa wengine. Sisi wa Kiwanja hatuhitaji kwenda mbali kutafuta makaburi. Mwezi wa Novemba 2008, kwa siku mbili, watu waliuawa hapa katika mitaa yetu. Human Rights Watch ilihesabu wasiopungua 150. Vita vilirudi Rutshuru mwaka 2022, na madarasa yetu yamejaa watoto waliokimbia na kurudi, na wengine waliofika kutoka vijiji ambavyo majina yao hatukuyajua. Katika benchi moja kunakaa Mnande, Mhutu, Mtutsi, Mhunde, na kila mmoja yuko na mtu anayemlilia. Mahali pengine kuchanganya r na l kunaweza kuwa mchezo tu. Hapa kwetu kuko wakati ambapo ulimi wa mtu uliulizwa barabarani, na jibu lilikuwa maisha au kifo. Mwanafunzi anayesikia ulimi wa mama yake ukichekelewa na ukumbi mzima hawezi kusahau hilo. Anakaa kimya, anatabasamu kidogo asionekane mwenye hasira, na ndani anahesabu ni nani anayecheka.

BASI TUFUTE VICHEKESHO?

Hapana. Hapo tunaomba waalimu wetu watuvumilie.

Wengine wanatuonyesha Waefeso 5:4, ambapo mtume Paulo anaonya juu ya mizaha isiyofaa. Ni kweli, na tumeisoma. Lakini Mhubiri sura ya 3 inahesabu kicheko kati ya mambo yenye wakati wake. Mtoto wa ahadi aliitwa Isaka, na jina hilo latokana na kucheka. Na Bwana wetu mwenyewe, katika Matayo sura ya 7, alichora picha ambayo kila mtoto wa shule ya Jumapili anaicheka: mtu mwenye boriti nzima katika jicho lake anahangaika kutoa kibanzi katika jicho la mwenzake. Angalieni vizuri picha hiyo. Inamchekesha msikilizaji, na anayechekwa ni yule anayependa kuhukumu wengine. Kicheko kinaanzia nyumbani.

Pia tukifuta vichekesho, dharau haitafutika. Itahamia nyuma ya darasa na njiani kwenda sokoni, mahali ambapo hakuna mwalimu wala mwongozo. Jukwaani angalau tunaweza kuisahihisha.

Na sisi Wakongomani tuko na mfano wetu wenyewe. Kule Lubumbashi, kikundi cha Mufwankolo kiliwachekesha watu miaka mingi kwa redio na televisheni, katika Kiswahili cha mji ule, Kiswahili cha mtaani ambacho si mali ya kabila moja. Mtaalamu Johannes Fabian aliandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 1990. Anaeleza namna walivyofanya kazi: hawakuandika maneno yote kwenye karatasi. Walikaa pamoja, wakajadili hadithi, wakagawana sehemu, kila mmoja akatafuta maneno yake, wakabishana mpaka mchezo ukasimama. Mwaka 1986 walichukua msemo mmoja juu ya mamlaka, kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi, wakaufanya mchezo mrefu wa kijiji na mfalme wake. Mnaona? Walichekesha juu ya mkubwa na watu wake, jambo linalomgusa kila mtu. Hawakuhitaji kumfanya mnyonge wa mtaa wa pili kuwa chakula.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwa hiyo tunaleta mbele ya prefe wetu, waalimu, na kamati ya burudani mambo manne:

1. Mchezo ukigusa kabila au kijiji fulani, mtu wa hapo awe ndani ya kikundi tangu siku ya kwanza ya mazoezi, na awe na neno. Akisema sentensi hii inaumiza, itoke bila mabishano.

2. Kila kikundi kipimwe kwa jaribio rahisi: uchezeni mchezo mzima katika Kiswahili cha kawaida, bila kuigiza ulimi wowote. Ukiendelea kuchekesha, kuko mchezo. Usipochekesha, hapakuwa na mchezo tangu mwanzo. Kulikuwa tu na ulimi wa mtu.

3. Anayeigizwa apewe akili. Asiwe mjinga toka mwanzo mpaka mwisho. Ata Mzee Ojwang, pamoja na matata yake, mara nyingine alikuwa mjanja kupita wote.

4. Kikundi kianze na boriti yake. Anayetaka kuchekesha juu ya wengine aonyeshe kwanza mchezo juu ya watu wake, au juu ya sisi wanafunzi wote: uvivu wetu wa asubuhi, namna tunavyokopiana mazoezi ya hesabu, namna tunavyojifanya wagonjwa siku ya kazi za mikono. Mali ya kuchekesha tuko nayo nyingi, wala haina kabila.

Kuko neno la mwisho, linalowahusu watazamaji. Tumezoea kumwita mchekeshaji "kichaa" na "mtu wa bure". Kwaya ikimaliza kuimba tunasema asante. Mchekeshaji akimaliza tunasema "huyo haponi". Katika miaka yake ya mwisho Mzee Ojwang alidhoofika macho, na mtu aliyejulikana na taifa zima alihitaji mchango wa wananchi ili atibiwe. Wananchi walichanga, na tunawasifu. Lakini ni vibaya kwamba mtu atufurahishe miaka na miaka, nasi tumkumbuke siku ya hospitali. Anayetuchekesha bila kutuumiza anafanya kazi ngumu kuliko tunavyofikiri. Tumheshimu wakati yuko angali mbele yetu, darasa la tatu au la sita, akifanya mazoezi chini ya mwembe baada ya masomo.

Jioni ya burudani bado iko na nafasi ya kutengenezwa. Tunamwomba prefe asikate upesi, awaite viongozi wa vikundi na kuwapa jaribio lile la pili mbele ya waalimu wawili. Watakaopita wacheze. Watakaoshindwa wana muda wa kutafuta hadithi.

Anayekubali na anayekataa, atuletee jibu lake kwa maandishi. Tutalichapa katika nambari inayofuata.

Bwana awabariki.

Kamati ya Wahariri